Picha Imegoma Kuonekana: Majibu kwa Wasomaji

Safu ya maswali toleo hili tumewaachia wanaotuma picha mtandaoni: mafundi, wauzaji, walimu, wapiga picha. Barua mbili za mwanzo tumezijibu kwa urefu, maana matatizo yake ndiyo yanayoharibu kazi za watu wengi.

Fundi pikipiki, Morogoro: Huwa naeleza mtandaoni namna ya kufungua na kusafisha kabureta, hatua kwa hatua, na picha naziweka Google Drive. Nanakili linki, naibandika katikati ya [img] na [/img] kama nilivyoelekezwa. Nikiifungua linki mwenyewe picha naiona, lakini ndani ya maelezo yangu hakuna picha, kuna kialama cha karatasi iliyochanika tu. Nakosea wapi?

Fundi, kubandika umebandika sawasawa. Kasoro iko kwenye linki yenyewe. Picha ikishapakiwa mtandaoni huwa na anwani mbili. Moja ni ya ukurasa unaoionyesha, wenye vitufe, jina la mwenye akaunti na pengine matangazo. Nyingine ni ya faili la picha peke yake. Alama ya [img] hukituma kivinjari kikachukue faili la picha. Kikifika kikakuta ukurasa, hakina cha kuonyesha, ndipo kinapokuwekea kialama hicho. Linki ya Drive yenye /view karibu na mwisho ni ya ukurasa, hivyo haitaonyesha picha hapo hata uibandike mara ngapi.

Kuzitofautisha ni rahisi. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, lile ambalo Chrome huliita Incognito, kisha bandika linki na uifungue. Ukiona picha tupu bila kitufe chochote, hiyo ni linki ya moja kwa moja. Ukiona kitu kingine zaidi ya picha, ni ukurasa. Ukitakiwa kuingia kwenye akaunti, faili bado limefungwa na wenzako hawataliona. Usifanye jaribio hili kwenye dirisha la kawaida, kwa sababu humo tayari umeshaingia kwenye akaunti yako na kila kitu kitafunguka, ukadhani kiko wazi kwa wote. Wala usitazame mwisho wa anwani pekee. Ni kweli kwamba anwani nyingi za moja kwa moja huishia na .jpg, .png au .webp, lakini kurasa za Wikimedia Commons nazo huishia na .jpg ilhali ni kurasa.

Sasa, si kila sehemu yenye picha yako inafaa kutolea linki. Kwa Drive kuna mbinu ambayo watu wameisambaza miaka mingi, ya kugeuza anwani iwe na uc?export=view. Google haikuwahi kuiahidi, na mwanzoni mwa 2024 iliwagomea wengi ghafla. Google Photos ukinakili anwani ya picha yenyewe utapata moja ndefu yenye neno googleusercontent. Itaonekana leo, baada ya muda itakufa. Anwani za picha za Facebook, zile zenye fbcdn.net, zina kipande kinachoanza na oe=, na hicho ndicho muda wake wa kuisha, umeandikwa humo humo. Za Discord, tangu 2024, zikitumika nje ya Discord hudumu kama siku moja. WhatsApp haina anwani ya umma kabisa, kwa hiyo picha iliyoko kwenye gumzo lazima uihifadhi kwenye simu kwanza kisha uipakie kwingine. Dropbox ndiyo yenye njia safi: chukua linki ya kushiriki, na mwishoni palipoandikwa dl=0 weka raw=1.

Kwa kazi kama yako, tovuti za kuhifadhia picha kama Postimages au ImgBB zinatosha. Unaweza kupakia bila akaunti, lakini fungua, maana bila akaunti kuja kufuta au kutafuta picha zako baadaye ni shida. Kabla ya kupakia angalia kisanduku cha muda wa kufutwa. Hakikisha umechagua picha isifutwe. Ukimaliza utapewa orodha ya linki. Iliyoandikwa Direct link ndiyo ya kuweka ndani ya [img]. Ile iliyotengwa kwa ajili ya majukwaa ya mijadala tayari imefungwa kwa alama zake, hivyo ukiizungushia [img] nyingine utakuwa na alama juu ya alama na picha haitatokea. Hilo kosa la mwisho tunaliona kila siku.

Bado kuna vitu vitatu vidogo vinavyoua linki nzuri. Nafasi kwenye jina la faili: andika kabureta-01.jpg, usiandike kabureta langu 1.jpg. Herufi kubwa: seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, huona Kabureta.JPG na kabureta.jpg kuwa mafaili mawili tofauti, na kamera nyingi hutoa .JPG kwa herufi kubwa. Na http badala ya https: ukurasa ulio salama ukiitiwa picha kwa http, kivinjari hujaribu kuibadilisha iwe https, na seva ya picha isipoikubali picha haionekani. Tovuti isiyotumia [img] mara nyingi hutumia Markdown, mtindo mwingine wa kuandika alama, na huko unaandika ![kabureta imefunguliwa](linki ya picha).

Mwalimu mstaafu, Tanga: Zamani niliandika mtandaoni mwongozo mrefu wa kutengeneza mizinga ya nyuki, wenye picha nyingi. Maneno yangu yapo hadi leo, lakini palipokuwa na picha pana visanduku vitupu. Vijana bado wanausoma na kuniuliza. Picha zimekwenda wapi, na nyingine niziweke wapi zikae?

Mwalimu, shikamoo. Maandishi yako yalihifadhiwa kwenye seva ya tovuti uliyoandikia, picha zikahifadhiwa kwenye seva ya kampuni nyingine kabisa. Kampuni hiyo ilipobadili masharti au kufunga, mwongozo wako ulibaki na mashimo. Sababu ya mambo haya kujirudia ni hesabu ya fedha. Ghala la bure la picha hulipwa na matangazo yaliyo kwenye kurasa zake. Picha ikionekana ndani ya tovuti nyingine, msomaji hapiti kwenye kurasa hizo, tangazo halionekani, lakini data iliyotumika ghala hulipa. Kila mwongozo wako ulivyopendwa ndivyo ulivyozidi kuwa mzigo kwao.

Historia iko wazi. ImageShack iliacha huduma ya bure mwaka 2014. Photobucket, iliyoanzishwa 2003, mwaka 2017 ilitaka dola 399.99 kwa mwaka kwa yeyote anayetaka picha zake zionekane kwenye tovuti nyingine; miongozo ya ufundi ya miaka mingi ikajaa mchoro wa geji badala ya picha. Ilikuja kulegeza baadaye, lakini waandishi wengi walikuwa wameshakata tamaa. TinyPic ilifungwa Septemba 2019. Flickr, iliyokuwa ikitoa terabaiti nzima bure, baada ya kununuliwa na SmugMug 2018 iliweka kikomo cha picha 1,000 kwa akaunti isiyolipiwa. Imgur, Mei 2023, ilianza kufuta picha za zamani zisizotazamwa ambazo hazikuwa chini ya akaunti yoyote, na hizo ndizo watu walizokuwa wakipakia harakaharaka bila kujisajili.

Kwa hiyo kwa mwongozo unaotaka udumu, chaguo la kwanza ni kuambatisha picha moja kwa moja kwenye tovuti unayoandikia, ikiwa inaruhusu. Wengi hulikwepa hili kwa sababu ya vikomo vya ukubwa, ilhali picha ikipunguzwa vizuri hupita bila tatizo, na jibu linalofuata linaeleza namna ya kuipunguza. Faida yake ni kwamba picha na maneno huishi pamoja, na wenye tovuti wakihamia seva mpya huvihamisha vyote viwili.

Chaguo la pili ni tovuti yako mwenyewe, kwa jina unalolipia kila mwaka kama .co.tz. Usiogope hesabu ya data. Mwongozo wenye picha 10 za KB 300 ni MB 3 kwa kila msomaji. Wakija wasomaji 2,000 kwa mwezi ni GB 6, kiasi ambacho vifurushi vingi vya kawaida vya kuhifadhia tovuti hukibeba. Hatari ya njia hii ni kusahau kulipia jina. Likiisha muda, picha zote hupotea siku moja, na jina linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine. Liandike kwa jina lako, si la kijana aliyekutengenezea tovuti, na barua pepe ya kumbusho iwe unayoifungua.

Maghala ya bure yabaki kwa picha za kupita: kuuliza "hiki ni kifaa gani?", kuonyesha bei ya leo.

Kabla hujapiga picha upya, jaribu kuziokoa za zamani. Kama ulikuwa na akaunti kwenye ghala hilo na bado lipo, ingia. Mara nyingi picha zimezuiwa kuonekana nje tu, ndani bado zimo, na unaweza kuzipakua. Pili, fungua mwongozo wako, bonyeza kisanduku kitupu kwa muda, nakili anwani ya picha, kisha ipeleke web.archive.org, tovuti inayotunza nakala za kurasa za zamani. Weka anwani ya picha yenyewe, kisha na ya ukurasa, kwa sababu wakati mwingine moja imehifadhiwa na nyingine haikuhifadhiwa. Chagua tarehe za miaka ya mwanzo. Ukichagua za karibuni utaletewa kisanduku kile kile. Tatu, waombe wasomaji hapo hapo chini ya mwongozo. Watu hupakua miongozo mizuri kwenye simu zao zaidi ya unavyodhani.

Na ukiweka mpya, Mwalimu, chini ya kila picha andika sentensi moja au mbili zinazosema kilichomo: upana wa mlango wa mzinga, mfuniko umewekwa upande gani, umbali kati ya kijiti na kijiti. Picha ikipotea tena, fundi ataweza kuendelea na kazi. Msomaji asiyeona anayetumia simu inayomsomea kwa sauti naye atafaidika. Mafaili ya asili yaweke kwenye folda moja, yakiwa na majina ya mpangilio (mzinga-01, mzinga-02), nakala moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye diski ya nje au flashi. Ukiwa na folda hiyo, kuhamisha picha zote ni kazi ya alasiri moja.

Muuza vitenge, Kisumu: Nikiweka picha za vitenge naambiwa faili ni kubwa mno. Na wateja wanalalamika kwamba ukurasa wangu unamaliza bundles. Nikipunguza, maua ya kitenge yanakuwa na ukungu.

Dada, simu yako ikipiga picha ya megapikseli 12 hutoa pikseli (nukta zinazounda picha) 4000 kwa 3000, na faili la MB 3 hadi 5. Skrini ya mteja, kwa upana, ina pikseli 720 au 1080 tu. Zinazobaki anazilipia na hazioni. Punguza upande mrefu uwe pikseli 1600 na ubora wa JPEG uwe 80. Picha ya 1600 kwa 1200 ina pikseli kama moja ya sita ya ile ya mwanzo, na faili hushuka hadi kati ya KB 300 na 500. Kitenge chenye maua madogo kitakuwa karibu na 500, kwa sababu JPEG hubana vizuri eneo tulivu na hushindwa kwenye michoro mingi midogo.

Ukungu unaouona huenda unatokana na mambo mawili. Ubora ukishushwa chini ya 60 au hivi, JPEG huanza kuonyesha miraba yake, maana hufanya kazi kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8. Na picha iliyopita WhatsApp kwanza tayari imeshabanwa mara moja. Ukiibana tena, unabana mabaki. Anza siku zote na faili la asili kutoka kwenye kamera.

Chombo kinachofaa kwa mwenye kuhesabu bundles ni squoosh.app. Hufunguka ndani ya kivinjari na kazi yote hufanyika ndani ya simu yako. Picha haipelekwi kokote, kwa hiyo haili data. Washa Resize, andika 1600 kwenye upande mrefu, chagua MozJPEG, ubora 80, pakua. Kasoro yake ni kwamba hufanya picha moja moja. Ukiwa na kompyuta ya Windows na picha nyingi, IrfanView ukibonyeza herufi B itakupunguzia folda nzima kwa mara moja; elekeza matokeo kwenye folda mpya usije ukafuta za asili.

Kuhusu kukataliwa, jua kwamba vikomo ni viwili tofauti. Kuna kikomo cha uzito wa faili, na MB 2 huonekana sana kwa sababu ndicho kikomo ambacho PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, huja nacho mpaka mwenye tovuti akiongeze. Na kuna kikomo cha pikseli. Picha yenye KB 400 inaweza kukataliwa kwa sababu ina upana wa pikseli 4000. Soma ujumbe hadi mwisho ujue umegonga upi.

Picha ya skrini, kama ya ujumbe wa M-Pesa, iache katika PNG. JPEG huzungushia herufi vumbi la rangi, na PNG ya maandishi mara nyingi huwa ndogo pia. Namba ya muamala na namba ya simu zifunike kwanza.

Msomaji, Muscat: Picha niliyopiga imesimama wima kwenye simu, nikiituma mtandaoni inalala ubavu. Nimeizungusha kwenye simu, bado inalala.

Ukishika simu wima, kihisi cha kamera bado kimelala, na simu nyingi huhifadhi picha kama ilivyopigwa kisha huandika ndani ya faili maelekezo: "izungushe hivi unapoionyesha." Vivinjari vya sasa huyatii maelekezo hayo. Tatizo hutokea pale tovuti inapopunguza picha yako baada ya kuipokea: hufuta maelekezo bila kuizungusha, na picha inabaki ilivyolala. Ulipoizungusha kwenye simu, huenda simu ilibadili maelekezo tu, pikseli zikabaki pale pale.

Kata picha kidogo pembeni kwa programu ya kuhariri, halafu ihifadhi kama nakala mpya. Ukataji huilazimisha programu kuandika pikseli upya, safari hii zikiwa zimesimama. Kwenye IrfanView bonyeza Shift na J, kisha chagua kuzungusha kwa kufuata EXIF, yaani maelekezo hayo yaliyo ndani ya faili. Uwe umeweka na programu-jalizi zake. Kupiga picha ya skrini nako hutibu, ila hupunguza pikseli, kwa hiyo liwe jambo la mwisho.

Mama wa watoto wawili, Mombasa: Nauza makochi na kabati mtandaoni, picha nazipiga nyumbani. Mtu ameniambia picha inaweza kumwonyesha mgeni ninakoishi. Ni kweli?

Ni kweli, Mama, ikiwa kamera imeruhusiwa kuandika mahali. Faili la picha hubeba taarifa zinazoitwa EXIF: aina ya simu, tarehe, saa, na GPS ikiwashwa, latitudo na longitudo zenye kufikisha mtu mita chache kutoka mlangoni. Picha iliyotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida huvuliwa taarifa hizo. Ile ile ikitumwa kama "Document", watu wanavyopenda ili ubora usipungue, huenda nazo zote. Barua pepe, Drive na Dropbox nazo huziacha zilivyo. Tovuti nyingine huziondoa, nyingine haziondoi, na wewe huna namna ya kujua kwa kutazama.

Zima chanzo: fungua kamera, ingia kwenye mipangilio yake, zima kipengele cha mahali. Picha za nyuma zisafishe. Kwenye iPhone, unaposhiriki picha gusa Options juu, zima Location. Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia, Properties, Details, kisha chini kabisa chagua kuondoa taarifa binafsi. Squoosh tuliyoitaja hapo juu hutoa faili lisilo na EXIF.

Kisha itazame picha yenyewe, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayosema zaidi kuliko EXIF. Sare ya shule iliyotundikwa nyuma ya kochi, bili ya umeme mezani, jengo maarufu dirishani, namba ya gari kwenye kioo cha kabati. Ukitaka kuficha kitu, weka mraba mweusi usiopitisha chochote. Kalamu ya rangi ya simu huacha wino mwembamba, na mtu akiongeza mwanga kwenye picha anaweza kusoma kilichofichwa. Mwaka 2023 iligundulika kwamba programu za kukata picha za skrini kwenye simu za Pixel na Windows 11 zilikuwa zikiacha sehemu iliyokatwa ndani ya faili. Zilirekebishwa, lakini picha zilizotumwa kabla yake bado ziko mtandaoni zilivyo.

Watoto wako wasionekane kwenye picha za biashara, na wa wenzako ndiyo kabisa. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inataka idhini ya mzazi, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data iliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Tanzania nayo ina sheria yake ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Msomaji, London: Ndugu wa Dar wananitumia maelezo yenye picha, wao wanaziona, mimi naona tangazo kwamba haipatikani nilipo.

Angalia anwani ya picha. Ikiwa na imgur, sababu ndiyo hiyo: tangu 30 Septemba 2025 Imgur imejifungia kwa walioko Uingereza, baada ya mdhibiti wa data wa huko kuitaarifu kuhusu nia ya kuitoza faini kampuni inayoimiliki. Zuio linagusa hata picha za Imgur zilizowekwa ndani ya tovuti nyingine. Waombe ndugu zako watumie ghala jingine au waambatishe moja kwa moja. Yeyote anayeandikia Waswahili waliotawanyika nchi nyingi amwombe mtu mmoja aliye nje afungue linki kabla ya kuitangaza.

Msomaji, Goma: Nimepata iPhone. Picha zake zinaishia .heic na tovuti inazikataa.

Tangu iOS 11 ya mwaka 2017 iPhone hupendelea HEIC, inayobana vizuri kuliko JPEG lakini isiyokubalika na tovuti nyingi. Ingia Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible, na picha mpya zitakuwa JPEG. Za zamani haziguswi. Hizo zibadilishe kwa programu ndani ya simu. Usizipeleke kwenye tovuti usiyoijua inayojitangaza kubadilisha bure, kwa sababu unaipa picha zako pamoja na GPS yake.

Mpiga picha, Zanzibar: Nina tovuti yangu. Nimeona picha zangu za Mji Mkongwe kwenye tovuti ya watu wa utalii, na anwani ya picha ni ya seva yangu mwenyewe.

Hapo umechukuliwa mara mbili: picha, na data unayoilipia. La data lina dawa ya dakika chache. Kwenye cPanel, paneli ya kusimamia tovuti, kuna Hotlink Protection, kinga inayozuia tovuti nyingine kuonyesha picha kutoka seva yako. Iwashe, andika anwani zako zinazoruhusiwa, yenye www na isiyo nayo, kisha aina za mafaili: jpg, jpeg, png, webp. Wanaosahau ile isiyo na www hujifungia nje ya tovuti yao wenyewe. Ukimaliza, tuma linki yako WhatsApp uone kama kijipicha bado kinajitokeza. Kisipojitokeza, umebana kupita kiasi na wateja wanaoshirikishana kazi zako wataona linki tupu.

La hakimiliki huanza na ushahidi. Kabla hujawasha ulinzi, piga picha ya skrini ya ukurasa wao, anwani na tarehe zikionekana, na uuhifadhi ukurasa huo kwenye web.archive.org/save, kwa sababu ulinzi ukiwaka picha itatoweka kwao na ushahidi nayo. Faili la asili la kamera, lenye pikseli zote na EXIF yake, usimpe mtu yeyote. Ndilo litakalothibitisha kwamba wewe ndiye uliyepiga. Waandikie ukitaja linki ya ukurasa, linki ya picha na unachotaka: waiondoe, waweke jina lako, au walipe kiasi fulani. Wasipojibu, iandikie kampuni inayohifadhi tovuti yao, na kwa upande wa Zanzibar peleka suala COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya huko; Bara ni COSOTA, Kenya ni KECOBO. Kutafuta wengine waliochukua, tumia Google Lens na TinEye zote mbili, kwa kuwa kila moja hukuta zisizoonekana na nyingine. Na picha utakazoweka kuanzia sasa zisizidi pikseli 1200 upande mrefu: zinatosha kupendeza kwenye simu ya mteja, lakini mtu akizichapa bango zitamwaibisha.